Mafunzo ya kidijitali kando ya Ziwa: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mradi wa kidijitali ukizinduliwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, taarifa yake huwa fupi: vifaa vimeletwa, vijana wamepewa semina, picha zimepigwa. Miezi michache ikipita, kompyuta zimefunikwa vitambaa kwenye chumba kilichofungwa, na mama anayeuza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, bado anampa mtu mwingine simu yake amsomee ujumbe wa muamala. Inaniuma, kwa sababu fedha ilikuwepo na nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu walioandaliwa kufundisha, na hawaandaliwi kwa sababu ya dhana kadhaa ambazo hatujazihoji.

Dhana: Mnara ukifika, pengo limezibika.

Ripoti ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ya mwaka 2024 kuhusu intaneti ya simu ilionyesha kwamba asilimia 4 tu ya watu duniani wanaishi mahali ambako mtandao huo haufiki kabisa. Asilimia 39 wanaishi ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawautumii. Kwa kila mmoja anayekosa mnara, wapo kama tisa hadi kumi wanaouona mnara na hawafaidiki nao. Bei ya simu na ya bando ni sehemu ya sababu, na kutojua kutumia ni sehemu nyingine kubwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, unafanya kazi ya lazima kupeleka mawasiliano vijijini. Lakini mnara hauwezi kukaa na mvuvi wa kisiwa cha Ukara ukamweleza kwa nini asimtajie mtu namba yake ya siri.

Dhana: Anayejua kompyuta anaweza kuifundisha.

Hii ndiyo inayotugharimu zaidi. Tunamchukua kijana aliyehitimu masomo ya kompyuta, tunampa fulana na kumwambia akafundishe. Anafika kwenye kikundi cha akina mama Igombe, anasalimia vizuri, kisha mmoja akikwama anamwambia, "Mama, leta nikufanyie." Anaichukua simu, anabonyeza mara nne, anairudisha. Mama anashukuru kwa dhati. Hakuna alichojifunza, na safari ijayo atahitaji kijana mwingine.

Mkufunzi aliyeandaliwa ana kanuni moja ngumu kuishika: simu haitoki mkononi mwa mwenyewe. Anaelekeza kwa maneno na kusubiri. Anavumilia kimya cha mtu anayetafuta herufi. Mwanafunzi akikosea, hamrudishi haraka kwenye njia, anamuuliza, "Hapo unaona kimeandikwa nini, mama?" Uvumilivu huo haupatikani kwa kusikiliza mada ukumbini. Wakufunzi wanapaswa kufundisha mbele ya wenzao, wakosolewe na warudie, kisha wafundishe kikundi halisi huku mzoefu akiwaangalia. Fundi cherehani hatoki kwa mwalimu wake kabla hajashona nguo ikavaliwa.

Kanda ya Ziwa ililijua jambo hili zamani, na nashangaa hatulikumbuki. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ukisaidiwa na UNESCO na UNDP, makao yake yakiwa Mwanza, kwa ajili ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vya kusomea vilihusu pamba, uvuvi, migomba na ufugaji wa ng'ombe. Mkulima alijifunza kusoma kupitia shamba lake. Wengi waliofundisha hawakuwa walimu wa shule. Walikuwa watu wa palepale waliopewa mafunzo ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kuongoza katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Zaidi ya nusu karne baadaye, mtaala wa semina nyingi za kidijitali unaanza na historia ya kompyuta na sehemu zake. Mchuuzi wa dagaa ana haja gani na hayo siku ya kwanza?

Dhana: Bila chumba cha kompyuta hakuna mafunzo.

Kwa watu wengi wa mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kifaa cha kwanza ni simu, na pengine ni kitochi. Kitochi kinatosha kuanzia: kuingia kwenye menyu ya huduma za Serikali kwa *152*00#, kulipia kontrol namba, kutunza ujumbe wa muamala kama ushahidi. Mwenye simujanja ataongeza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuingiza mtumbwi majini, na bei za masoko kupitia kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wenzake.

Kompyuta ina mahali pake, hasa pale maombi yanapopitia mifumo ya mtandaoni, kama mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapa kuna jambo ambalo wakufunzi hawafundishwi kabisa. Mwombaji huenda steshenari, kijana wa pale anamfungulia barua pepe, anachagua nywila yeye mwenyewe na kuiandika kwenye daftari lake. Kuanzia siku hiyo, mawasiliano ya kikundi kizima yako mikononi mwa mtu baki. Ningekuwa na saa moja tu ya kufundisha kikundi, ningeitumia kuhakikisha kila kiongozi wake ameweka nywila yake mwenyewe na anaweza kuibadilisha.

Dhana: Wazee na wasiojua kusoma hawafai kuhangaika nao.

Wanafaa. Ujumbe wa sauti hauhitaji herufi, na bibi anayeweka kichwani madeni ya wateja wake wote hawezi kushindwa na hatua tano za menyu. Anachohitaji ni mkufunzi anayeweza kumweleza kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita pale Kiswahili cha menyu kinapokuwa kigumu. Ndiyo maana mkufunzi wa kutoka kijiji hichohicho ana thamani kuliko mgeni mwenye shahada.

Dhana: Matapeli ni wengi, heri watu wakae mbali.

Anayekaa mbali hutapeliwa kirahisi zaidi, kwa sababu kila kitu anafanyiwa. Mafunzo yampe vitendo: apige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" autume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyomtumia. Mkufunzi naye ajichunge. Karatasi ya mahudhurio yenye majina, namba za kitambulisho cha Taifa (NIDA) na za simu ikiachwa mezani ni zawadi kwa tapeli. Tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Akifundisha usalama huku daftari lake liko wazi, wanafunzi watafuata daftari.

Dhana: Siku tatu na cheti zinatosha, kisha wajitolee.

Siku tatu zinatosha kuamsha hamu. Ujuzi wa kufundisha hukaa pale mkufunzi anapotembelewa akiwa kazini na kuwa na mwenzake wa kumuuliza anapokwama. Halafu alipwe. Kujitolea kuna heshima yake, lakini kijana mwenye familia ataacha darasa siku atakapopata kibarua, na hatumlaumu. Halmashauri inayotenga fedha za vishikwambi itenge pia za nauli ya kivuko, bando na posho ya mkufunzi, kwa mwaka mzima.

Ratiba nayo ifuate ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi wanawake wako juani wanaanika. Siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika na akina mama hupata nafasi. Mkufunzi wa mwaloni aliyeandaliwa vizuri huangalia mwezi kwanza, ndipo anapanga tarehe.