Usimwage zege ufukweni kabla hujapima kusi na kaskazi

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika kasi kati ya Juni na Agosti, ofisi zetu za mazingira za halmashauri za pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, hupokea malalamiko ya aina moja: bahari inakula kiwanja. Mwenye gesti analeta picha ya mnazi uliolala mizizi juu. Mwenye mgahawa anasema ngazi ya kuteremkia ufukweni imebaki inaning'inia. Wengine hawaji kabisa. Wanaita fundi, wanaagiza mawe na saruji, na habari zao zinatufikia pale jirani anapokuja kueleza kwamba tangu ukuta ule usimame, upande wake ndio unaoliwa. Makala hii inawahusu wote watatu.

Kwamba bahari imepanda, hilo halina ubishi. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi linakadiria kuwa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifikia karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Wengi wakisikia milimita hupuuza. Lakini chukua ufukwe wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, mteremko wa kawaida kabisa: sentimita 20 za kimo ni mita 10 za ardhi. Mita 10 ndiyo sehemu ya meza zako na mwavuli, au njia ya kupandishia mitumbwi.

Hata hivyo, tunaomba wananchi waache kuitupia tabianchi kila kitu. Ufukwe ni akiba ya mchanga. Unaingia na unatoka. Mchanga mwingi wa Pangani hushushwa na mto, na juu ya mto huo kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1960, ambalo kama bwawa lolote hukamata tope na mchanga. Mchanga mwingine hutokana na matumbawe yaliyosagika, na matumbawe yamevunjwa kwa baruti, yamechomwa chokaa, kisha yakapauka kwa joto la maji mwaka 1998 na tena 2016. Mwingine unachotwa kwa malori usiku ukajengewe nyumba. Bahari inayopanda inakuta akiba iliyokwisha kupungua. Anayetaka kuona mwisho wa hali hiyo apande boti kutoka Ushongo hadi Kisiwa cha Maziwe. Kisiwa hicho kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga mtupu, na maji yakijaa sana hufunikwa.

Sasa tuje kwenye kosa linalowagharimu watu fedha nyingi zaidi.

Kwenye pwani yetu mchanga husafiri kufuata majira. Kusi huusukuma kaskazini, na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia kuanzia Novemba hadi Machi, mawimbi hugeuka na sehemu yake hurudi. Kwa hiyo ufukwe unaoonekana umekwisha mwezi Julai unaweza kuwa umepata tena mita kadhaa ifikapo Februari. Mtu anayejenga ukuta Julai, kwa hofu ya Julai, anaufungia nje mchanga uliokuwa njiani kurudi. Wimbi likipiga ukuta uliosimama wima halina pa kulala. Hurudi na nguvu yake, likachimba mguu wa ukuta na kubeba mchanga. Baada ya msimu mmoja au miwili msingi uko wazi, unaona nondo. Kwenye ncha mbili za ukuta maji huzunguka na kula ardhi ya jirani kwa mfano wa upinde, kisha huingia nyuma ya ukuta wenyewe. Nyuma huko mvua na maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukosa pa kutokea, mchanga unavuja kupitia nyufa, shimo linajengeka chini ya sakafu, na siku moja sakafu inashuka mzimamzima. Fundi aliyejenga atakuambia saruji ilikuwa kidogo. Saruji haihusiki.

Viroba vya mchanga navyo havisaidii kwa muda mrefu. Jua hula uzi wa plastiki, vinapasuka ndani ya miezi, na vipande vyake vinaishia kwenye nyavu. Matairi ya zamani tusiyazungumzie.

Kwa hiyo, pima kwanza. Kazi hii haihitaji mtaalamu. Chagua kitu kisichohama: kona ya jengo la zamani, nguzo ya zege, shina la mbuyu. Mnazi usiutumie, kwa kuwa ndio utakaoanguka. Piga msumari, andika alama kwa rangi. Kila mwezi, siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka, vuta futi ya kamba kutoka msumarini hadi ukingo wa majani au ukingo ulioporomoka, upande uleule, na uandike tarehe na mita katika daftari. Piga picha ukiwa umesimama mahali palepale. Fanya hivyo miezi 12 mfululizo, ili kusi na kaskazi zote ziwemo. Ukilinganisha Februari na Februari ndipo utajua unapoteza kiasi gani kwa mwaka. Ukilinganisha Februari na Julai utajitisha bure.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tunapima kuanzia mstari wa juu unaofikiwa na maji ya bamvua, wala hatupimi kutoka maji yalipo siku ya ukaguzi. Hili tunalirudia kila wiki, na bado watu wanatuvutia futi saa nane mchana maji yakiwa yamepwa. Kuwa na hati ya kiwanja hakuondoi mita 60. Barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa si kibali cha kujenga baharini, hata ikiwa na mihuri miwili. Na bahari ikisogea, mstari nao unasogea.

Anayehitaji kinga ya ufukwe, au anayeanzisha hoteli, gati au mabwawa ya chumvi, afuate utaratibu huu. Kwanza afike kwa ofisa mazingira wa halmashauri akiwa na ramani ya kiwanja, ili mahali pakaguliwe kabla ya gharama yoyote. Kisha amtafute mtaalamu mwelekezi wa mazingira aliyesajiliwa, aandae andiko la mradi na kuusajili kwa mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mamlaka hupitia andiko na kuamua ngazi ya tathmini. Miradi mikubwa hulazimika kufanyiwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira, inayojumuisha mikutano na wananchi wa jirani na kumbukumbu zilizosainiwa. Cheti kikitoka kina masharti. Yasomeni. Wengi hukitia fremu ukutani bila kufungua ukurasa wa pili, kisha wanashangaa wakaguzi wanapouliza taarifa ya ukaguzi wa mazingira. Biashara ikiuzwa, cheti hakimfuati mnunuzi chenyewe. Lazima kiombewe uhamisho.

Asiyefuata hukutana na mlolongo mwingine. Hutangulia ukaguzi na taarifa yake. Hufuata amri ya kusimamisha kazi, ambayo huanza kutumika inapokabidhiwa, hata kama zege limeshachanganywa. Kisha inaweza kutolewa amri ya kurejesha mazingira: kubomoa, kuondoa kifusi na kurudisha hali ya awali, kwa gharama za mhusika. Asipotekeleza, mamlaka inaweza kuifanya kazi hiyo na kumdai. Faini na mashtaka ni juu ya hayo, na havibadilishani nayo. Kulipa faini hakuhalalishi ukuta. Tunasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani wamenunua ruhusa. Maelezo haya ni ya jumla. Kila eneo huamuliwa kwa ukaguzi wake.

Je, ukuta haufai kamwe? Unafaa mahali penye mali ya umma isiyohamishika, kama ulivyojengwa wa Pangani mjini, baada ya usanifu, ukichukua kipande kizima cha pwani badala ya kiwanja kimoja. Wafanyabiashara wenye viwanja vinavyofuatana waje kwa pamoja na mchoro mmoja. Mara nyingi mhandisi atapendekeza mawe yaliyolazwa kwa mteremko juu ya kitambaa cha kuchuja, makubwa juu na madogo chini, mguu ukiwa umezikwa chini ya kina ambacho mawimbi huchimba, na matundu ya kutolea maji. Kwa mgahawa wa makuti bado ni nafuu kuuhamisha nyuma mita 60, na tunashauri hivyo bila kusita.

Mikoko ni kinga ya bei rahisi kuliko zote pale inapoota, yaani kwenye tope, vihori na midomo ya mito. Kwenye ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi haioti, hata ipandwe na mgeni rasmi. Miche mingi inayopandwa siku za kampeni hufa kwa sababu mbili. Inapandwa chini mno, kwenye majani ya bahari ambako maji hayatoki vya kutosha, na inapandwa aina isiyo ya mahali pake. Mbele kabisa, upande wa bahari, huota mlilana. Mkoko wenyewe unataka tope la vijito, mkandaa unakaa nyuma pakavu zaidi, na mchu unavumilia chumvi nyingi. Kwa mkoko, okota tunda refu lililokomaa, lenye shingo ya manjano. Liweke kivulini na lipandwe ndani ya siku chache, theluthi moja ikiwa imezama kwenye tope, mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Angalia kwanza kama miche inaota yenyewe. Ikiota, kazi yako ni kuzuia mbuzi na mashoka. Kukata hairuhusiwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mikoko ni msitu wa hifadhi, hata ukiwa unauona dirishani kwako.

Wenye mabwawa ya chumvi wana shida yao: mvua zisizofuata majira, kama zile za El Niño mwishoni mwa 2023. Chumvi huanza kuganda maji yakifika digrii 25 hivi za Baume, kipimo cha uzito wa maji chumvi. Mvua ikinyesha juu yake, maji baridi hukaa juu kwa kuwa ni mepesi, na maji mazito hubaki chini. Ukiwa na mbao za kupunguza kwenye mlango wa bwawa, toa ubao wa juu mmoja mara mvua inapokatika, maji mepesi yamwagike. Ukichelewa, upepo utayachanganya na umerudi nyuma wiki kadhaa. Usipanue mabwawa kwa kukata mikoko ya mbele. Ndiyo inayozuia bamvua kubomoa kingo zako.

Wakulima wa mwani wanafahamu tayari kwamba maji ya kina kifupi yakichemka kwa jua la kaskazi, cotonii, aina ya mwani unaolimwa, hupauka vidole na kukatika. Kamba zinazoelea kwenye maji ya kina zinasaidia. Mvua isiyotarajiwa wakati wa kuanika huosha ubora, hivyo chanja na turubai ni vya lazima.

La mwisho ni visima. Karibu na bahari, maji baridi huelea juu ya maji chumvi. Kwa kanuni, ukishusha usawa wa maji ya kisima kwa sentimita 10, maji chumvi hupanda takriban mita 4 chini yake. Pampu kubwa ya hoteli inayovuta saa tatu mfululizo huharibu kisima chake na cha jirani. Vuta kidogo kidogo usiku, na kinga maji ya paa: Tanga mjini hunyesha zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka wa kawaida, na paa la mita 100 za mraba linaweza kukupa lita 90,000 hivi. Kuhusu bima, zungumzeni waziwazi na wakala kabla ya msimu. Bima ya moto ya kawaida hailipi mmomonyoko wa polepole, na dhoruba na mafuriko kwa kawaida huongezwa kwa kifungu chake.

Ukija ofisini kwetu, njoo na daftari la vipimo, picha zenye tarehe, nakala ya hati na vibali vya zamani kama vipo. Ukiweza, njoo na majirani wa pande zote mbili. Kukagua mahali bado ni bure. Tunachoomba ni kuja kabla mawe hayajashushwa.