Paka wako kawa mkali ghafla? Soma hii kabla hujamtia kwenye kiroba

Familia nyingi zinazokuja kliniki kwangu hapa Dar zinakuja na swali lilelile, daktari huyu paka alikuwa mpole kabisa analala na watoto, siku hizi akiguswa tu anang'ata, tumfanyeje? Na wakifika tayari kashapigwa ndala, kashafungiwa stoo, bibi kashasema huyo sio paka tena kaingiliwa na kitu, na mjomba yuko tayari na kiroba akamwache sokoni. Naomba msifike huko, maana paka hawi mkali bila sababu na mara nyingi sababu yenyewe inatibika.

Paka mtu mzima aliyekuwa mpole halafu kabadilika, mimi cha kwanza namtafutia maumivu. Paka ni hodari wa kuficha, halii wala hachechemei mpaka hali iwe mbaya kweli, kwahiyo unachoona wewe ni mtoto kamshika mgongoni na yeye kageuka kang'ata. Nikimfungua mdomo nakuta fizi zimevimba nyekundu au jino limeoza, nikimpapasa nakuta jipu karibu na mkia, hilo kalipata kwenye ugomvi wa usiku, maana jino la paka ni jembamba, linaingia ndani halafu ngozi inajifunga juu na usaha unabaki chini. Akiwa mzee nawaza viungo, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, huyo utamjua anakula sana lakini anakonda na hatulii. Na tafadhali sana, msimpe panadol! Ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa, kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumuua, na diclofenac nayo msiguse.

Kama mwilini yuko safi nawauliza, siku alipong'ata alikuwa anaangalia wapi? Hapo ndio mara nyingi jibu linatoka, alikuwa dirishani. Dume la jirani limepita uani, wa kwenu kaliona kupitia wavu, damu imechemka, manyoya yamesimama, na hawezi kutoka kupigana nalo, sasa dada wa kazi anapita na ndoo ya kudekia, basi mguu wa dada ndio unaolipa deni la yule dume. Watu wanasema kang'ata bila sababu, kumbe sababu imeshavuka ukuta zamani. Hali hiyo inaweza kukaa naye masaa, wengine hata siku kadhaa, kwahiyo usimbebe wala usimbembeleze, muache chumba kimoja chenye giza na utulivu, maji yake na sanduku lake la mchanga, mpaka aanze kula na kujilamba mwenyewe. Kisha bandika karatasi sehemu ya chini ya dirisha asione nje. Na kama wa kwenu ni dume, ahasiwe, kuanzia miezi mitano sita hivi inawezekana, inapunguza sana ugomvi, kuzurura na ule mkojo wa kurusha ukutani.

Watoto sasa. Paka huwa anaonya kabla hajang'ata, tatizo watoto hawajafundishwa kumsoma. Mkia unaanza kupigapiga, ngozi ya mgongo inatetemeka, masikio yanageukia nyuma, mboni zinapanuka, hapo mkono utoke mara moja. Wafundisheni asishikwe akiwa anakula au amelala, asibebwe kwa nguvu, aje mwenyewe akitaka, na awe na sehemu ya juu pa kukimbilia, hata juu ya kabati inatosha. Mtoto mdogo wa miaka miwili mitatu asiachwe peke yake na paka, hata yule mpole.

Halafu kuna hawa wa kuokotwa wakiwa wadogo mno. Wiki ya 2 mpaka ya 7 ndio kipindi anachozoea watu, na kwa mama yake na ndugu zake ndio anajifunza kung'ata taratibu, ukimtoa mapema halafu nyumba nzima mnacheza naye kwa vidole, akikua atawinda miguu yenu kila jioni. Chezeni naye kwa kamba yenye kitambaa, dakika kama 10 kabla ya chakula, vidole viwe mbali. Kumpiga hakusaidii kitu, anachojifunza ni kwamba mkono wa mtu ni hatari, na kesho atauwahi kabla haujamfikia.

Akishamng'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri mkono uvimbe. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia, na hapa kwetu ugonjwa huo upo. Paka aliyebadilika sauti, anatoka mate, anayumba au anavamia kila kilicho mbele yake asishikwe na mtu yeyote, fungeni mlango na muite afisa mifugo. Chanjo inaanzia miezi 3 na inarudiwa, wengi kila mwaka, muulize daktari wako, na usiseme wangu hatoki nje.

Wapo wachache ambao tunatibu, tunahasi, tunabadilisha mazingira, na bado nyumba yenye watoto wanne na kelele inawashinda. Huyo mtafutieni nyumba tulivu ya watu wazima, na anayemchukua aambiwe ukweli wote, anang'ata lini, anaogopa nini, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, asije kumtupa baada ya wiki moja.