Kampuni kubwa ya teknolojia inakupa nini, na inakunyima nini

Vijana wanaomaliza masomo ya kompyuta Makerere huniuliza kila mwaka: niombe kazi kampuni kubwa, au nijiunge na hizi ndogo zinazochipuka hapa Kampala? Nimeandika programu za malipo kote kuwili. Kwa anayeanza, jibu langu ni kampuni kubwa, na mshahara si sababu yangu ya kwanza.

Chukua pesa za simu. Mtu aliye Arua anatuma shilingi 50,000, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, na programu ya simu inatuma ombi lilelile tena. Mfumo ulioandikwa ovyo utamkata mara mbili. Ulioandikwa vizuri huipa kila amri namba yake ya pekee, na namba ileile ikirudi, seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, hailipi upya, inarudisha jibu la mwanzo. Darasani hilo ni aya moja tu. Kwenye mfumo wenye mamilioni ya wateja ni jambo la kila siku, na nyuma ya kila kosa kuna mama aliyetuma karo ya mwanawe. Hapo ndipo unapojua kwa nini badiliko la mstari mmoja lazima lisomwe na mwenzako, lijaribiwe, lifunguliwe kwa wateja wachache kabla ya wote, tena kwa njia ya kurudi nyuma iliyoandaliwa mapema. Mfumo ukianguka, timu nzuri huandika dakika kwa dakika kilichotokea, ikitafuta mwanya uliopitisha kosa na si mtu wa kumlaumu. Kampuni ndogo inayokimbizana na pesa za wawekezaji mara nyingi haina muda wa kukufundisha hayo.

Bima ya matibabu nayo ipo, na karatasi ya mshahara ambayo benki inaikubali unapoomba mkopo. Si vitu vidogo kwa mwenye wadogo wa kusomesha.

Sasa hasara, na kubwa kuliko zote ni wembamba wa kazi. Unaweza kukaa miaka ukishughulikia risiti tu, au ukurasa mmoja wa kuingilia. Vifaa vingi ni vya humo ndani. Ukitoka, hakuna mwajiri mwingine anayevijua. Mwenzako wa kampuni ndogo wakati huo ameshajenga kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo), ameongea na wateja, amepanga bei, amefufua seva iliyoanguka usiku. Ndiyo maana nawaambia: mkishajifunza nidhamu ile na kazi ikaanza kujirudia, ombeni timu nyingine au ondokeni.

Kama makao makuu yako California, jua pia kwamba sisi tuko mbele yao kwa saa 10 au 11, kutegemea majira yao. Kikao chao cha saa tatu asubuhi kinakukuta saa moja au saa mbili usiku, watoto wakila chakula. Na maamuzi hufanywa kulekule. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, ilitangaza kuwaachisha kazi zaidi ya watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza takriban 12,000. Wengi walikuwa hodari. Ukubwa wa kampuni haulindi kiti cha mtu mmoja.

Kabla ya kusaini, soma ni nani hasa anayekuajiri. Wengine hapa Kampala hufanya kazi ya kampuni kubwa kwa mkataba wa wakala, na jina la kampuni wanalijua kwenye kitambulisho tu. Kisheria mwajiri anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10% ya mshahara na wewe 5%, na tangu marekebisho ya sheria ya 2022 wajibu huo unamhusu hata mwajiri wa mtu mmoja. Muulize wakala waziwazi nani anapeleka mchango huo, kisha mwezi wa kwanza ukiisha fungua akaunti yako ya NSSF uangalie kama umeingia.