Kukataliwa siyo kutosomwa, jamani

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Safari hii ni mkurugenzi wa asasi moja, mama wa heshima zake, kaniwekea mezani ripoti ya kurasa 140 yenye jalada la kung'aa, ananiambia "kaka yangu, hawa watu wa serikali hawasomi, tumewapelekea tangu mwezi wa tano, kimya mpaka leo." Mi nimekaa idara ya sera na mipango miaka mingi kabla sijaanza kujitegemea, na hii kauli ya "hawasomi" nimeisikia mpaka naiota.

Nikamwambia dada, imesomwa. Imepokelewa masjala, ikagongwa muhuri, ikafunguliwa faili, ikashuka kwa afisa mmoja ambaye siku hiyo ana mafaili mengine kumi, naye akaandika dokezo sabili, yaani muhtasari wa ndani kwa bosi wake, la ukurasa mmoja na nusu linaloishia na "nawasilisha kwa maelekezo yako." Bosi kaandika pembeni kwa kalamu "tuzungumze", basi. Kilichopanda juu ni ule ukurasa mmoja na nusu, zile kurasa 140 zimebaki kabatini na jalada lake la kung'aa.

Tukafungua mapendekezo yake, yako mwisho kabisa, ukurasa wa 131. La kwanza: "Serikali iongeze uwekezaji katika elimu ya awali." Sasa hilo ni pendekezo au ni dua? Nani aongeze, kiasi gani, kwa kifungu kipi cha bajeti, nani apunguziwe ili hiyo hela ipatikane, sheria inaguswa au waraka wa katibu mkuu unatosha? Afisa hawezi kukujibia hayo, akijaribu anaweza akakosea na lawama zikamrudia yeye, kwa hiyo anaandika "wadau wanapendekeza uwekezaji uongezwe" na maisha yanaendelea.

Halafu huo mwezi wa tano! Bunge linajadili bajeti za wizara tangu Aprili, hotuba kuu inasomwa Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukomo wa matumizi wa kila wizara unakuwa umeshapangwa zamani. Mei unaleta ushauri wa hela kwa watu ambao hela wameshagawana kwenye makaratasi, kisha unalalamika umepuuzwa. Njoo Septemba, kabla mwongozo wa bajeti haujatoka, na uje na kurasa mbili. Hili nalisema kila mwaka mpaka sauti inakauka.

Ila hata ukija Septemba na kurasa mbili safi, unaweza ukakataliwa, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Wazo likienda juu linaandikiwa waraka wa Baraza la Mawaziri, linapelekwa wizara nyingine zitoe maoni, makatibu wakuu wanalichambua chini ya Katibu Mkuu Kiongozi, kisha ndiyo Baraza. Hazina anaweza akasema "hela hakuna", mwanasheria akasema "hii inagongana na sheria ile", na likarudi lilikotoka likiwa limesomwa na watu wengi kuliko unavyodhani. Na Katiba ya Tanzania haijaficha kitu, ibara ya 37 inasema Rais hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka hivyo.

Chukua Tume ya Nyalali, ile ya kuuliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi. Mwaka 1991 imezunguka nchi nzima, kama asilimia 77 ya waliotoa maoni wakataka chama kimoja kiendelee, wengi wao wakitaka nacho kirekebishwe. Tume ikashauri vyama vingi! Serikali ikachukua hilo, 1992 tukabadilisha Katiba. Lakini tume hiyohiyo ilishauri pia serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, na ikataja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Serikali tatu zikakataliwa. Utasema haikusomwa? Ilisomwa kwa makini sana, ndiyo maana walijua wachukue nini na waache nini. Serikali tatu zikarudi kwenye rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba, Desemba 2013, na Oktoba 2014 Bunge Maalum la Katiba likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Pale ilikuwa siasa, na siasa ni sehemu ya uamuzi, anayeona hiyo ni dosari ya mfumo aandae moyo wake mapema.

Zile kauli nyingine za watu kuhusu serikali nazipitia haraka. "Kinachofuatwa ni maoni ya wengi": soma tena aya ya juu. "Waziri ndiye anaandika sera": waziri anasaini na kuitetea, uandishi ni wa maafisa usiku na chai ya rangi. "Vikao vya wadau ni geresha": vingine kweli ni geresha, sikatai, nimeandaa vya aina hiyo mwenyewe, ukiona rasimu imeshachapwa na jalada ujue umeitiwa kusaini mahudhurio. "Baraza la Mawaziri ndilo linaamua": ibara ya 54 inaliita chombo kikuu cha kumshauri Rais, kushauri hiyo, kwa hiyo habari za mawaziri wangapi walikuwa upande gani hazibadilishi kitu.

Na ibara hiyohiyo inasema Baraza lilimshauri nini Rais haitachunguzwa na mahakama yoyote. Kwa hiyo yule jamaa wa kijiweni anayejua neno kwa neno kilichosemwa mle ndani, muulize alikuwa amekaa kiti kipi.

Yule mama nimemrudishia ripoti yake. Nimemwambia aandike kurasa mbili, na aanze na sentensi yake ya mwisho, "Waziri anaombwa aridhie kwamba...", aimalizie yeye mwenyewe, ndiyo anipigie.