Promota si mtu wa promo

Juzi nimelisikia tena neno promota redioni. Mtangazaji ambaye kwa kweli nampenda alimkaribisha studio kijana mmoja kwa sifa ya "promota mkubwa wa muziki". Kijana akaieleza kazi yake vizuri: anapokea wimbo mpya, anaurusha kwenye magrupu ya WhatsApp, anaufikisha kwa madijei, anakata vipande vya video, na msanii anamlipa kwa kila wimbo. Ni kazi ya jasho na inahitaji akili. Lakini siyo upromota, na nimechoka kunyamaza.

Promota ni mtu anayeandaa onyesho kwa pesa zake, au alizokopa kwa jina lake. Anakodi ukumbi, analipa wasanii, vyombo, walinzi na mabango, kisha anasubiri kiingilio kirudishe alichotoa. Watu wakijaa, faida ni yake. Wasipokuja, msanii ameshalipwa, mwenye ukumbi ameshalipwa, na hasara yote inabaki kwake. Hiyo ndiyo maana ya neno.

Nadhani tunapotea kwa sababu ukoo huu wa maneno ulituingilia kwa milango tofauti. Promosheni ilikuja na cheo kazini, ikaja tena na bei ya punguzo dukani. Promo ikaja na redio: tangazo fupi la kipindi au la wimbo. Promota sisi wengi tulimsikia kwanza kwenye ndondi na dansi. Maneno yote matatu yanafanana sura, basi mtu anafanya hesabu ya haraka: anayepiga promo ni promota. Hesabu hiyo haikubali.

Shina lenyewe ni la Kilatini, promovere, kusogeza mbele. Kwa Kiingereza neno limepita kwenye mikono mingi. Kuna wakati Uingereza promota alikuwa mtu anayewachongea wavunja sheria ili apate fungu lake la faini. Karne ya 19 akawa yule anayeanzisha kampuni na kutafuta watu wa kununua hisa. Biashara ya maonyesho nayo ikalichukua: mtu anayeweka mtaji kwenye kitu ambacho bado hakipo, na anayeumia wa kwanza kisipotokea. Tex Rickard, aliyeandaa pambano la ndondi la Dempsey na Carpentier kule Marekani mwaka 1921, hakuwa msambaza habari. Alijenga uwanja mzima wa mbao kule Jersey City kwa ajili ya pambano hilo.

Na kinachonikera zaidi ya promo ni mdhamini. Neno hili limetoka kwenye dhamana. Mdhamini wa mahakamani ni yule anayeweka hati ya nyumba yake ili ndugu atoke rumande, na ndugu akikimbia, yeye ndiye anayeulizwa. Sasa tumelivalisha kampuni inayotoa kiasi ilichokwisha kukipanga ili nembo yake ikae juu ya jukwaa. Mvua ikinyesha, nembo imeshaonekana. Ukifuata maana ya dhamana, mdhamini halisi wa onyesho ni promota.

Mjomba wangu alikuwa akileta bendi za dansi Morogoro nilipokuwa mdogo. Sikumwona akicheza hata wimbo mmoja. Alikaa mlangoni na boksi la viatu lenye vishina vya tiketi, akivihesabu, akivifunga kwa mpira kumi kumi, kila baada ya muda akitoka nje kutazama mawingu upande wa Uluguru. Siku moja mvua ilianza saa ya magharibi ikakesha. Bendi ilipiga mpaka alfajiri kwa watu wasiozidi arobaini, ikalipwa yote. Wiki ile mjomba alianza kwenda kazini kwa miguu, baiskeli hatukuiona tena. Hakuna aliyemwambia kwamba angepaswa "kusukuma" zaidi.

Ukitaka kumwona promota akiwa peupe kabisa, nenda Marekani ya miaka ya 60. Vijana wa wakati ule, mahipi na wenzao waliokataa vita vya Vietnam na maisha ya wazazi wao, waliamini muziki ni mali ya wote, na anayesimama mlangoni akidai pesa ni adui. Mtu aliyesimama mlangoni zaidi ya wote alikuwa Bill Graham.

Alizaliwa Berlin mwaka 1931 katika familia ya Kiyahudi, jina lake Wulf Grajonca. Akiwa mtoto alitolewa Ujerumani kwenda Ufaransa, na mwaka 1941 akafika New York. Mama yake aliuawa na Wanazi. Jina la Graham alilitafuta kwenye kitabu cha simu, akachagua lililokaribiana na lake. Alipigana Korea, akafanya kazi ya kuhudumia meza kwenye hoteli za milima ya Catskill, kisha akawa meneja wa kikundi cha maigizo San Francisco. Mwaka 1965 mkuu wa kikundi alishtakiwa kwa kuigiza bustanini bila kibali, na Novemba Graham akaandaa usiku wa kuchangia gharama za kesi. Watu walifurika. Mwezi uliofuata alikuwa tayari kwenye ukumbi wa Fillmore.

Hapa kuna jina linalosahaulika: Charles Sullivan. Alikuwa promota Mweusi, ndiye aliyekuwa na mkataba wa ukumbi ule na kibali cha dansi, na ndiye aliyemruhusu Graham kuvitumia. Agosti 1966 alikutwa amekufa kwa risasi. Bila kibali chake sidhani kama leo tungekuwa tunalitaja jina la Fillmore.

Juu ya ngazi za Fillmore Graham aliweka pipa la matofaa, kila anayeingia achukue bure. Kwenye mabango alichanganya watu ambao wasikilizaji wasingewatafuta wenyewe: Aprili 1970 Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alitangulia kupiga kabla ya bendi ya roki ya Grateful Dead, mbele ya vijana waliokuwa wamelipa kusikiliza gitaa. Hayo ni maamuzi ya mtu anayecheza na pesa yake. New York, alikofungua ukumbi wa pili mwaka 1968, wanaharakati walidai usiku mmoja kila wiki uwe wa bure, na katika vurugu zake akapigwa mnyororo usoni. Mwaka 1971 alifunga kumbi zote mbili. Alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 1991, akitoka kwenye onyesho aliloliandaa.

Halafu kuna tamasha la muziki la Woodstock, Agosti 1969, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, Bethel, jimbo la New York. Waandaaji walikuwa wanne: Michael Lang, Artie Kornfeld, Joel Rosenman na John Roberts. Tiketi ya siku tatu iliuzwa dola 18 kabla ya siku yenyewe. Mji wa kwanza, Wallkill, uliwakatalia zikiwa zimebaki wiki chache, wakahamia Bethel, na muda ukawabana wachague kati ya jukwaa na uzio. Wakajenga jukwaa. Watu zaidi ya 400,000 walifika, wengi wakayaacha magari barabarani na kutembea maili kadhaa. (Neno letu tamasha limepitia Uajemi na India, lakini shina lake la Kiarabu ni kutembea. Sijawahi kuona likikaa vizuri kuliko hapo.) Ikatangazwa kwamba sasa ni bure.

Picha tunayoibeba ni ya Lang: nywele za mawimbi, pikipiki, uso mtulivu. Lang alistahili sifa, maono yalikuwa yake kwa sehemu kubwa. Lakini usiku wa Jumamosi mameneja wa bendi kubwa walipogoma mpaka walipwe kwanza, mtu aliyepiga simu kumwomba meneja wa benki ya pale aende akaifungue usiku ule ule alikuwa Roberts. Saini iliyokubalika ilikuwa yake, kwa sababu urithi uliosimamia mikopo ulikuwa wake. Jumatatu saa tatu asubuhi mpiga gitaa Jimi Hendrix alipokuwa jukwaani mbele ya umati uliobaki kidogo, kampuni ya waandaaji ilikuwa na deni la zaidi ya dola milioni moja. Roberts alikataa kujitangaza kuwa amefilisika. Ilichukua takriban miaka 10, pamoja na mapato ya filamu ya tamasha hilo, kulimaliza. Alifariki mwaka 2001, na watu wengi wanaolijua jina la Woodstock hawajawahi kulisikia lake.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtangazaji, kijana yule mwite mtu wa promo, au msambazaji wa muziki, au msukuma nyimbo kama wenyewe wanavyosema mtaani. Hayo ni majina ya heshima. Lakini siku nyingine ukimkaribisha promota studio, kabla hujamsifia mwulize ukumbi alilipia nani, na siku ya mvua ilikuwaje. Mpe muda ajibu, usimkatize kwa wimbo.