Je, wajua kwa nini chai hutangulia mahubiri mitaani?

Anayepita katikati ya mji wa Nakuru mwendo wa saa tatu usiku mwishoni mwa wiki, wakati maduka yameshafungwa na mabaraza yake yamegeuka kuwa vitanda, huenda akakuta kikundi kidogo cha waumini wamesimama kando ya gari ambalo mlango wake wa nyuma umeachwa wazi, na ndani yake mna chupa kubwa za chai ya maziwa, kreti mbili tatu za mkate na ndoo ya maji ya kunawa. Mgeni hutarajia kusikia kipaza sauti na mtu akiwaita wenye dhambi watubu. Badala yake husikia vikombe vikigongana na watu wakiulizana hali. Mahubiri yakiwepo huja mwisho, tena huwa mafupi, na katika vikundi vilivyoizoea kazi hii hutokea wiki tatu au nne zikapita kabla ya yeyote kufungua kitabu kitakatifu mbele ya wenyeji wa baraza. Kwa nini watu waliotumwa na imani yao waanze na chai?

Kwanza tuwataje wanaoendewa. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, wakiwemo 2,746 katika Kaunti ya Kisumu na 2,005 katika Kaunti ya Nakuru. Neno "familia" halikuchaguliwa ovyo. Wengi wetu tukisikia habari za mitaani humfikiria mvulana mwenye chupa ya gundi, jina la dharau la chokoraa likiwa tayari mdomoni, ilhali barazani kuna mama anayenyonyesha, mzee aliyekosana na wanawe kwa ajili ya shamba, na kijana wa miaka ishirini na mitano aliyezaliwa hapo hapo mjini na hajui kwao kwingine. Wapo pia wanaoishi kwa kuokota plastiki na vyuma chakavu katika Gioto, jaa la taka la Nakuru, ambao hushuka mjini jioni tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi za dunia uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sababu inayotajwa zaidi na watoto wenyewe ni umaskini, kwa asilimia 39, ikifuatwa na ugomvi wa kifamilia, asilimia 32, na kudhulumiwa, asilimia 26. Utundu wa mtoto, sababu ambayo watu wazima hupenda kuitaja kwanza, ulikuwa wa mwisho kwa asilimia 10.

Sehemu ya kwanza ya jibu imo katika maandiko yenyewe, nayo haihitaji mjadala mrefu. Waraka wa Yakobo unamkejeli waziwazi muumini anayemwambia mwenye uchi na njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," kisha asimpe kitu. Isaya anataka zaidi ya hapo, yaani kuwaleta maskini waliotupwa nje nyumbani kwako, amri ambayo nikiri sijaona kanisa likiitimiza neno kwa neno. Kwa Waislamu, Sura ya 76 ya Kurani inawasifu wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa kwa chakula ambacho wao wenyewe wanakipenda, huku wakisema kwamba hawataki malipo wala shukrani. Masingasinga, ambao wana mahekalu Kisumu na Nakuru tangu enzi za reli, hawatenganishi kabisa ibada na jiko, kwa kuwa katika hekalu lao huwa pana langari, chakula cha bure kinacholiwa na kila aingiaye, wote wakiwa wameketi chini kwa usawa. Na Jeshi la Wokovu, lililoanzishwa na William Booth mjini London mwaka 1865 na kufika Kenya mwaka 1921, lilijulikana tangu zamani kwa wito wake wa supu, sabuni na wokovu, kwa mpangilio huohuo. Leo kanisa hilo lina mizizi mirefu katika nchi ya Waluhya, hata makao makuu ya jimbo lake la Kenya Magharibi yako Kakamega.

Sehemu ya pili ni ya mwili. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai upepo utokao kwenye mlima wa volkano wa Menengai huwakuta watu waliojifunika gunia na katoni. Kisumu, iliyo chini zaidi kando ya Ziwa Viktoria, haina baridi ya namna hiyo, lakini ina mbu, na anayelala nje bila chandarua katika ukanda wa ziwa yumo katika eneo lenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kenya. Kwa sababu hiyo vikundi vya Kisumu huuliza habari za homa kabla ya habari za njaa, na vile vya Nakuru hubeba blanketi.

Halafu kuna gundi. Gundi ya viatu inayouzwa kwa kipimo kidogo ndani ya chupa ya plastiki huwa na kemikali iitwayo toluini, ambayo mvuke wake hupita mapafuni na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache. Hupunguza makali ya njaa, hupooza hisia ya baridi na huleta usahaulifu wa muda mfupi, ndiyo maana mtoto aliyelala njaa huiona kuwa chakula cha bei nafuu. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kufuata hoja ya mahubiri, hata ikitolewa na askofu. Anachoweza ni kushika kikombe cha moto na kunywa. Tena mivuke ya namna hii huufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika pale mwili unapotoa homoni ya hofu, kiasi kwamba mtu aliyetoka kuivuta akitishwa ghafla au akikimbizwa anaweza kuanguka na kufa. Wanaojua hili hawapokonyi chupa, hawapigi kelele na hawamkimbilii mtoto anayeondoka.

Niliwahi kusimama kando ya gari kama hilo, nikimkabidhi kikombe mvulana ambaye sidhani alikuwa amefikisha miaka kumi na mitatu. Chupa yake ya gundi ilikuwa ndani ya mkono wa sweta, upande wa kulia. Alisita, akaitoa, akaihamishia mkono wa kushoto, akaufuta wa kulia kwenye suruali, ndipo akakipokea kikombe kwa mkono huo na kusema asante huku ameinama kidogo. Kuna mtu, mahali fulani, aliyekuwa amemfundisha kwamba kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mkono wa kulia. Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akikata mkate aliona, na baadaye akaniambia kwamba dalili za namna hiyo ndizo anazozitafuta, kwa sababu humwonyesha kuwa mtoto ana nyumbani na bado anapakumbuka.

Sehemu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni kwamba mtu wa mitaani ana sababu nzuri za kumwogopa kila anayeshuka kwenye gari usiku. Hadi mwaka 1997 Kenya ilikuwa na sheria ya uzururaji, urithi wa ukoloni, iliyoruhusu mtu kukamatwa kwa kukosa makao na kazi ya kueleweka. Sheria ilifutwa, msako haukuisha. Februari 2019 watoto wa mitaani walitolewa mjini Nakuru usiku na kwenda kuachwa katika msitu wa Chemasusu, Kaunti ya Baringo, jambo lililozua uchunguzi wa Seneti. Aliyepitia hayo, au aliyesimuliwa na mwenzake aliyepitia, akiona taa za gari zikipunguza mwendo karibu na baraza lake hawazi mkate. Kwa hiyo kazi ya chai ya wiki za kwanza ni kuthibitisha kwamba gari hili halibebi mtu. Linasimama, linagawa, linaondoka, na wiki inayofuata linarudi siku ileile, saa ileile, likiwa na nyuso zilezile.

Kurudi huko ndiko kugumu kuliko yote. Siku ya Krismasi magari ya wafadhili hufuatana, vyakula hubaki na mikate hutupwa, na ifikapo tarehe 10 Januari hakuna hata mmoja anayeonekana. Wanaofanya kazi hii kwa miaka huwaona wageni wa Krismasi kama mvua ya siku moja, na mimi sioni sababu ya kuwapinga. Wageni hao pia ndio hupenda kupiga picha. Mtoto mwenye makamasi na kikombe cha kanisa mkononi hupendeza katika ukurasa wa mtandaoni, ila mtoto huyo hakuulizwa, na siku atakapokuwa baba wa watu picha ile itakuwa ingalipo. Vikundi makini huacha simu ndani ya gari.

Vina kanuni nyingine pia, ambazo huonekana ndogo mpaka mtu azivunje. Kabla ya kugawa chochote huonana na kiongozi wa maskani, kwa maana kila baraza lina wakubwa wake, na anayewaruka huwaacha wadogo wakiadhibiwa gari likishaondoka. Hawatoi pesa, kwa kuwa shilingi hamsini ya mtoto huishia kwa mkubwa au kwa muuza gundi. Mkate huliwa papo hapo. Vidonda huoshwa pembeni, si mbele ya foleni, na akina mama hushughulikiwa na akina mama. Na kila mtu huulizwa jina lake la nyumbani, lile aliloitwa na mamaye, kwa sababu la mitaani huwa limetokana na kilema, kabila au tukio la aibu.

Wapo wanaosema kwamba chakula hiki ndicho kinachowafanya watu wabaki mjini, na wengine wao ni maafisa wa ustawi wa jamii wenye uzoefu wasioweza kupuuzwa. Hoja yao ina ukweli pale ambapo kugawa ndiko mwanzo na mwisho wa safari. Tofauti huonekana katika historia ya wale walioanzia hapo na kwenda mbele. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliwaendea vijana waliokuwa wakiongoza magari maegeshoni mjini Nairobi, na mwaka 1973 akaanzisha Undugu, shirika ambalo baadaye lilifika hadi Kisumu na ambalo hukumbukwa kwa shule na mafunzo ya ufundi kuliko kwa mikate. Kisumu kwenyewe, Padre Hans Burgman wa shirika la wamisionari wa Mill Hill na wenzake walijenga kazi ya Pandipieri ndani ya mtaa wa Nyalenda, wakiishi karibu na familia ambazo watoto wao ndio waliokuwa wakielekea mjini. Huko ilionekana mapema kwamba mtoto wa Kondele au Obunga, mitaa mingine ya Kisumu, hawezi kusaidiwa barazani peke yake wakati nyumba aliyoitoroka ipo mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Sheria nayo sasa inasukuma upande huo. Muumini aliyeguswa moyo hawezi kumchukua mtoto na kwenda kuishi naye, au kumfungulia makao nyuma ya kanisa. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto wa namna hiyo ni mtoto anayehitaji ulinzi, na habari zake hupelekwa kwa afisa wa watoto, kisha mahakama ndiyo huamua pa kumweka. Mkakati wa kitaifa wa malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe katika makao ya yatima na kurudishwa kwa jamaa zao au familia nyingine. Maana yake ni kwamba kikundi cha chai, kikitaka kuwa na faida, lazima kijue njia ya kwenda Siaya, Vihiga au Nyandarua, kikae na shangazi au nyanya, kisikilize kilichomtoa mtoto, kizungumze na chifu na mwalimu mkuu, kisha kirudi tena mwezi unaofuata, maana mtoto anayerudishwa bila ugomvi wa nyumbani kutatuliwa huweza kufika mjini kabla ya waliompeleka. Na yote hayo huanza na sentensi moja ambayo mtoto huitoa mwenyewe, kwa kawaida akiwa anapuliza chai, na kwa kawaida bila kuulizwa.

Ndiyo maana vikombe huhesabiwa mara mbili. Vikundi vingi hubeba idadi ileile kila wiki, na wanapomaliza kuviosha na kuvifunga hutazama vile vilivyobaki safi. Vikizidi, mtu huuliza ni nani hakuonekana leo. Wenzake barazani huwa wanajua: yuko seli, yuko wodini, amekwenda Kisumu na lori la ndizi. Jibu hilo ndilo huamua gari litapitia wapi kabla ya kurudi kanisani.