Kuvu rafiki ni nini?

Mkulima wa Mtwara au Lindi ukimtajia kuvu, mawazo yanamrudi kwenye ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho na mifuko ya salfa, dawa ya kuuzuia. Kwake kuvu ni adui, basi. Ila ukoo wa kuvu ni mkubwa, na humo zipo zinazokula kuvu nyingine au kuzinyang'anya nafasi. Zikiwekwa shambani kwa makusudi ili kuzuia magonjwa ya miti, huitwa kuvu rafiki. Dawa ya moto ni moto.

Inayotumika sana ni Trikoderma, kuvu ya udongoni yenye vumbi la kijani. Mwaka 1932 mtafiti Weindling alieleza inavyoishambulia Rizoktonia, kuvu ya udongoni inayoua miche: nyuzi zake hujiviringisha kwenye nyuzi za adui. Leo inajulikana pia kwamba hutoa vimeng'enya vinavyomyeyusha.

Ingia kitalu cha mitiki, ile inayopandwa hata kule Rondo, mkoani Lindi. Jioni miche imesimama kwenye viriba. Asubuhi mingine imelala, shina limenywea pale linapogusa udongo, jembamba kama uzi uliolowa. Hicho ni kinyausi, na Rizoktonia ni mmoja wa wanaokileta. Trikoderma ikichanganywa na udongo kabla ya kusia mbegu, adui anakuta mizizi ina mwenyewe. Lakini mche ulioanguka haiuinui, na anayemwagilia mpaka viriba vinaelea asiitegemee. Kwa maoni yangu, nusu ya kinyausi hutoka kwenye ndoo ya maji.

Kwa miti mikubwa, mfano mzuri uko Uingereza, kwenye misonobari. Mti ukikatwa, mbegu za kuvu ya kuozesha mizizi hutua kwenye kisiki kibichi, zikashuka mizizini na kuhamia kwa mti jirani. Mwaka 1963 mtafiti John Rishbeth alionyesha kwamba kisiki kikipakwa kuvu iitwayo Phlebiopsis gigantea mara tu baada ya kukata, adui hapati pa kukaa. Kuvu hiyo hukiozesha kisiki, miti hai ikabaki salama. Kila ugonjwa una mpinzani wake, kwa hiyo usidhani pakiti moja inatibu yote.

Na pakiti yenyewe ina kiumbe hai. Ikishinda juani kwenye keria ya bodaboda, au rafuni chini ya bati la moto, utamwaga vumbi tupu. Iweke kivulini penye ubaridi, angalia tarehe, wala usiichanganye ovyo na dawa za kuua kuvu: nyingi haziulizi nani rafiki.